Kibati kinasema 300 D, bati linasema 240 D

Karte roze, kadi ya usajili wa gari, inasema Mercedes 300 D, rangi bluu, mwaka 1984. Kibati cha kiwanda kilichopigwa ribiti kwenye mwamba wa mbele, juu ya rediata, kina namba ileile ya chasi iliyo kwenye karatasi, bila kupishana hata tarakimu moja. Mwenye gari, mstaafu wa reli anayekaa Kampemba hapa Lubumbashi, hakuwa na sababu ya kutilia shaka chochote. Alikuwa amekwisha kununua seti nzima ya gasketi za injini ya 300 D, na alikuwa anatafuta fundi wa kumpulizia bluu mpya "kama ilivyotoka kiwandani". Alichotaka kwangu ni kidogo: nimsomee namba ya rangi ili bluu isikosewe.

"Papa," nilimwambia, "tufungue kapo, yaani boneti, kwanza. Rangi itafuata."

Gari ni la familia ya W123, ambayo Mercedes iliiuza kuanzia mwaka 1976 na kuifunga mwanzoni mwa 1986, baada ya kutoa magari karibu milioni 2.7. Mjini kwetu yalikuwa ya wakubwa wa zama za Zaire, kisha yakashuka ngazi kwa ngazi hadi yakawa ya kubeba magunia. Yanayobaki sasa yanaanza kutafutwa tena na watu wanaotaka yarudi kuwa mazuri, na hapo ndipo usomaji wa vibati unapoanza kuwa na faida. Ukiagiza kipuri kwa kutazama sura ya gari, utaletewa kipuri cha gari la mtu mwingine.

Kibati kilisomeka hivi: 123.130-12, kisha tarakimu sita ambazo siziandiki hapa. Jumla tarakimu 14, na kila fungu lina kazi yake. 123 ya kwanza ni familia ya bodi. 130 ni modeli, na katika familia hii 130 ni 300 D. Kama ingekuwa 120 tungesema 200 D, 126 ni 220 D, 123 ni 240 D. Hizo zote ni za mazuti, yaani dizeli. Za petroli ziko kwingine, kwa mfano 033 ni 280 E. Baada ya modeli inakuja tarakimu moja ya usukani: 1 ni kushoto, 2 ni kulia. Inayofuata ni ya gia: 0 ni gia za mkono, 2 ni otomatiki. Sita za mwisho ni zamu ya gari kwenye msururu wa uzalishaji, na hazitaji mwaka.

Kwa hiyo, kwa mujibu wa kibati, tuna 300 D yenye usukani kushoto na gia za otomatiki. Nikachungulia ndani. Kati ya viti viwili vya mbele kulikuwa na mkono wa gia nne, na chini pedali tatu. Nikarudi kwenye injini nikahesabu mabomba membamba ya chuma yanayotoka kwenye pampu ya nozeli kwenda kichwani. Mabomba manne. Injini ya 300 D ina silinda tano, ya 240 D ina nne. Hapo hauhitaji kitabu wala kompyuta, unahitaji kidole cha kuhesabia tu, na ajabu ni kwamba gari hili lilipita mikononi mwa mafundi kadhaa na hakuna aliyehesabu.

Fundi wa garaji alikuwa na jibu tayari: "Yaya, walibadilisha injini na gia. Mbona kawaida." Ni kweli, ni kawaida. Injini ya 240 D inafaa kwenye gari la 300 D, na gia ya otomatiki ikifa katika mji usio na vipuri vyake watu hufunga ya mkono na maisha yanaendelea. Jibu lake lingetosha kama si mwaka. Mercedes ilipoingia miaka ya mwanzo ya 1980 iliacha namba ya tarakimu 14 ikachukua ile ndefu ya herufi na tarakimu 17, inayoanza na WDB. Gari lililotengenezwa mwaka 1984 lingekuwa na WDB kwenye kibati chake. Hili lina 14. Ama mwaka wa kwenye karte roze ni mwaka gari lilipoandikishwa kwa mara ya kwanza nchini, jambo linalotokea sana, ama kibati na karatasi vina hadithi yao ambayo bodi haiijui.

(Nidokeze kitu hapa kwa wanaotegemea programu za intaneti za kusomea namba za chasi. Nyingi zimetengenezwa kwa kufuata utaratibu wa Marekani, ambako herufi au tarakimu ya 10 katika zile 17 ni ya mwaka. Kwenye Mercedes zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine, nafasi hiyo ya 10 ni ya usukani, 1 au 2, na ya 11 ni herufi ya kiwanda, A kwa Sindelfingen na F kwa Bremen. Ndiyo maana utaingiza namba ya W123 na programu ikujibu kwa uhakika mkubwa kwamba gari ni la 2001.)

Nikarudi kwenye kibati chenyewe, safari hii si kukisoma bali kukitazama. Kilikuwa kisafi mno. Mwamba wote wa mbele ulikuwa umepuliziwa bluu, na bluu hiyo ilipita chini ya kibati. Ukingo wake haukuwa na hata tone la rangi. Ribiti mbili zilizokishika zilikuwa za bunduki ya ribiti, zile zenye kitundu katikati, unazonunua kwa mfuko kwenye kinkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) yoyote ya mjini. Hatua moja pembeni, kwenye mwamba uleule, kulikuwa na kibati kingine kidogo ambacho mwenye gari hakujua kama kipo. Hicho kilikuwa kimezama ndani ya bluu kabisa, kinaonekana kama kovu. Ribiti zake hazikuwa na kitundu.

Vibati viwili kwenye chuma kimoja, kimoja kilikuwepo kabla ya bluu na kingine kimekuja baada yake. Hapo nikamwomba Papa aketi.

Kibati kidogo kazi yake ni mbili: kinabeba namba ya bodi na namba ya rangi. Namba ya bodi haifanani na namba ya chasi wala haitakiwi kufanana, ni hesabu ya ndani ya kiwanda. Nimeona watu wakigombana na wauzaji bure kwa sababu ya hilo. Niliilainisha bluu kwa kitambaa chenye thina, nikaiondoa kwa ukucha wa plastiki, kwa sababu bisibisi ingekwaruza tarakimu. Ikatokea 623.

Kwenye orodha ya Daimler-Benz, watengenezaji wa Mercedes wa zama hizo, 040 ni nyeusi, 568 ni nyekundu ya kung'aa, 737 ni nyeupe, 904 ni bluu ya giza. 623 si bluu ya aina yoyote. Ni pembe ya ndovu hafifu, njano-nyeupe kama maziwa ya ng'ombe yaliyotoka kukamuliwa. Ukienda Ujerumani utaikuta kwenye teksi, maana mwaka 1971 teksi za kule ziliamriwa ziwe za rangi hiyo.

"Kumbe nimenunua teksi!" Papa akasema, na uso ukamshuka.

Nilimwambia asikimbilie huko. Rangi hiyo ilikuwa kwenye orodha ya kila mnunuzi, na namba ya rangi peke yake haimfanyi mtu kuwa dereva wa teksi. Kulikuwa na namba nyingine ambayo ingesema zaidi.

Ni ile iliyogongwa kwenye bati lenyewe. Kwenye W123 imegongwa katika ukuta wa bati unaotenganisha injini na kabini. Kibati unakitoa kwa tindo na kukirudisha kabla chai haijapoa. Namba iliyogongwa huwezi kuihamisha bila kukata ukuta au kuusaga. Kwa hiyo mtu anayeanza na kibati anaanza na shahidi anayehamishika, na mimi huwa nashangaa kuona hata makala za watu wazoefu zikikifanya kibati kuwa mwanzo na mwisho wa kila kitu. Kibati ni kizuri kikithibitishwa. Kikiwa peke yake ni dai.

Ukuta ulikuwa na tabaka la grisi, vumbi jekundu la barabara zetu na bluu juu yake. Hapa nawasihi mafundi wa bodi: msiguse sehemu hiyo kwa mashine ya kusaga, wala kwa msasa mkavu. Mkiisaga mmefuta kitambulisho cha gari, na siku polisi wakitazama watafikiri ninyi ndio mlioghushi. Tulitumia mafuta ya taa kuondoa grisi, thina kuondoa rangi, brashi laini ya meno kwenye mashimo ya tarakimu. Kisha nikapaka chaki nyeupe na kufuta juu juu kwa kiganja ili chaki ibaki ndani tu. Tarakimu zikajitokeza moja baada ya nyingine, kina chao sawa, zimekaa kwenye mstari, na bati pembeni yake halina alama ya kusagwa wala mshono wa kuchomelea: 123123-20, na sita nyingine tofauti kabisa na za kwenye kibati.

240 D. Usukani kulia. Gia za mkono.

Papa alinyamaza, fundi naye akanyamaza, maana wote wawili walikuwa wameegemea mlango wa dereva, na mlango wa dereva uko kushoto.

Injini ilikuwa shahidi wa tatu. Namba yake iko ubavuni mwa bloku, upande wa pampu ya nozeli, kwa nyuma. Inahitaji tochi na uvumilivu. Inaanza na 616.912. Injini ya 300 D ya familia hii ingeanza na 617.912. 616.912 ndiyo injini ya 240 D katika W123, wakati 240 D ya bodi iliyotangulia, W115, ilikuwa na 616.916. Kwa hiyo injini na ukuta wanasema kitu kimoja. Nisisitize kwamba injini peke yake isingetosha, kwa sababu hiyohiyo aliyoitaja fundi. Inapata uzito kwa kuwa inakubaliana na bati, na gia nazo zinakubaliana.

Basi tukaanza kutafuta usukani wa zamani, na haukuwa umejificha sana. Chini ya zulia la upande wa abiria, ukuta ulikuwa na kiraka cha bati cha ukubwa wa sahani, kimechomelewa vizuri upande wa injini na ovyo upande wa miguu, ambako hakuna anayetazama. Kwenye boriti ya kulia ya fremu kulikuwa na matundu ya boliti yaliyozibwa kwa bodifila. Na katika kona moja chini ya dashibodi, ambako bunduki ya rangi haikufika, bati lilikuwa la njano-nyeupe. 623 ile ile.

Hilo pia ndilo lililomaliza shaka ya teksi. Teksi ya Ujerumani haina usukani kulia. Gari hili lilitengenezwa kwa ajili ya nchi inayoendesha kushoto, na kwa mtu wa Lubumbashi hakuna haja ya kutafuta mbali; Zambia iko hapo Kasumbalesa.

Mwaka wake tuliupata kwenye vioo. Kila kioo cha pembeni kina chapa ndogo kwenye kona, na chini ya jina la mtengenezaji kuna tarakimu moja: ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa. Kwa magari mengi tarakimu moja ni fumbo, kwa kuwa 0 inaweza kuwa 1970, 1980 au 1990. Lakini sedani za W123 zilitoka kiwandani kuanzia mwishoni mwa 1975 hadi 1985, yaani karibu miaka kumi kamili, kwa hiyo kila tarakimu ina mwaka mmoja tu, isipokuwa 5 ambayo ina miwili. Vioo vitatu vya milango vilikuwa na 0. Cha mlango wa nyuma kulia kilikuwa na 3, na ukiufungua mlango huo, ukingo wake wa ndani una kijani chini ya bluu; mlango mzima umetoka kwenye gari lingine. Lebo za mikanda ya nyuma nazo zilikuwa na tarehe za 1980. Mashahidi wadogo kama hawa sipendi kuwasikiliza mmoja mmoja. Wakikubaliana watatu wanne, nawaamini.

Gari la 1980 basi, na kutoka hapo mambo mengine yakajieleza. Taa za mbele zilikuwa za pembe nne. 240 D ya 1980 ilitoka kiwandani na taa za mviringo. Za pembe nne zilikuwa za 280 na za kupe (zile za milango miwili), hadi Septemba 1982 zilipowekwa kwenye modeli zote. Boksi ya usukani iliyofungwa kushoto ni ya hidroliki, ambayo kwa 240 D ya mwaka ule ilikuwa ya kuagizwa kwa kulipia zaidi, ikaja kuwa ya kawaida hiyohiyo Septemba 1982.

Nikaweka vipande pamoja, na hii ndiyo tafsiri yangu. Kulikuwa na magari mawili. La kwanza ni 300 D ya otomatiki, usukani kushoto, bluu, yenye karatasi halali za hapa, ambalo lilikufa kwa ajali au kwa kutu. La pili ni 240 D ya pembe ya ndovu iliyovuka mpaka ikiwa nzima, na usukani upande usiotakiwa. Mtu alikuwa na gari lisilo na karatasi na karatasi zisizo na gari. Akachukua kutoka kwa marehemu boksi ya usukani, nguzo yake, dashibodi, kibati na karte roze, akavihamishia kwa aliye hai. Na kwa kuwa karte roze ilisema bluu, akapulizia bluu. Rangi ambayo Papa alitaka kuirudisha kwa uaminifu wote ni rangi ya gari ambalo halipo tena.

Simlaumu yeye, na aliyemuuzia huenda naye hakujua. Lakini namba mbili kwenye gari moja si suala la usanii wa kukarabati tu. Kabla hatujagusa bati nilimwambia asitumie hata faranga kwenye rangi mpaka namba iliyogongwa iulizwe, kwa njia ya kisheria, kama haijaripotiwa kuibwa upande huu au ule wa mpaka. Aende na mwanasheria na OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi), akipeleka picha za namba zote mbili, ribiti zikionekana, pamoja na hati ya mauziano. Fundi mmoja wa jirani alijitolea kumaliza tatizo kwa nusu saa kwa kugonga namba ya kibati kwenye ukuta. Nilimwambia Papa mbele yake: hilo ndilo litakalomgeuza kutoka mnunuzi aliyedanganywa kuwa mshirika.

Kuhusu gari lenyewe, mezani kulikuwa na njia tatu. Kulifanya 300 D, kama karatasi zinavyotaka: nunua injini ya silinda tano, gia za otomatiki, bluu mpya, kisha utabaki na 240 D iliyovaa nguo za mwingine kwa gharama kubwa. Kulirudisha jinsi lilivyozaliwa hasa, usukani kulia: watu wa makumbusho wangelipenda, ila Papa anataka kwenda nalo Likasi kwa arusi, na kwenye barabara ile kupita malori ya madini ukiwa umekaa upande wa mtaro ni kujitafutia maziko. Ya tatu ndiyo niliyoitetea: 240 D, gia nne, 623, taa za mviringo, vitambaa vya asili, na usukani ubaki kushoto, lakini kazi ya kuhamisha ifunguliwe yote na kufanywa upya na mtu anayejua kuchomelea. Kile kiraka cha upande wa abiria kilikuwa kinashikilia kwa pointi chache tu. Nguzo ya usukani upande wa pili ilipita kwenye tundu lililokatwa kwa tindo, kingo zake hazijakunjwa wala kuimarishwa. Kwangu hilo lilikuwa jambo la dharura kuliko rangi, kuliko hata namba.

Tatizo lililobaki ni karatasi ya kiwanda. Kila Mercedes ya miaka ile ilikuwa na kadi ya takwimu inayoorodhesha namba za injini, gia, na difu, rangi, kitambaa cha viti na nyongeza zote kwa namba, na nakala yake huombwa kwa kuonyesha kwamba gari ni lako. Papa ana karatasi za namba nyingine. Hadi mambo ya kisheria yakae sawa, kadi haiombwi, na tunasoma kinachosomeka. Tulivua vitambaa vya viti vilivyoshonwa mjini. Chini yake kulikuwa na MB-Tex ya kahawia, ile ngozi bandia isiyokufa, ambayo kwenye kadi ingekuwa kwenye kundi la namba zinazoanza na 1 (0 ni kitambaa, 2 ni ngozi halisi, 9 ni velua). Imepasuka kiti cha dereva tu. Na ni cha kushoto, yaani kilipasuka baada ya kuhamia kwetu.

Kibati cha 300 D kimetolewa na OPJ akakiandikia risiti. Mahali pake pabaki wazi. Nimemkataza Papa kuagiza kibati kipya cha kunakshiwa kwenye intaneti, ambako wanauza vyenye namba yoyote utakayo, hadi awe na hati yenye namba ya ukutani.

Rangi itachanganywa kwa namba 623, si kwa kulinganisha na ile kona ya chini ya dashibodi, maana rangi iliyokaa miaka arobaini kizani nayo imebadilika kwa namna yake. Gasketi za silinda tano zimepata mtu Kolwezi mwenye 300 D ya kweli. Za silinda nne zinaagizwa kwa 616.912, lakini pistoni bado. Injini hii ilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 2,404 hadi Agosti 1978, ikawa 2,399 baadaye, na kipenyo cha silinda kilipungua kutoka milimita 91 hadi 90.9. Gari ni la 1980, ila injini katika mji huu ingeweza kufunguliwa na kuchongwa mara kadhaa, kwa hiyo fundi atapima kila silinda kwa mikromita kabla hatujatuma oda.